Sikio la Madam wa Jiografia

Madam wa Jiografia alikuwa na tabia ya kumshika mtu bega na kumhamisha. Ukimsogelea kwa upande wa kushoto hakukujibu kitu. Alikushika, akakuzungusha mpaka ukasimama kulia kwake, ndipo akaitikia salamu yako kana kwamba ndiyo kwanza umefika. Alimfanyia hivyo mwanafunzi, alimfanyia mkuu wa shule, na safari moja alimfanyia mkaguzi aliyetoka wilayani, ambaye alidhani anafukuzwa. Sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii vizuri. Lilikuwa likitoka usaha tangu utotoni, na siku zote alikuwa ameliziba kwa pamba nyeupe aliyoibadilisha asubuhi, mchana na jioni.

Nilifundisha naye miaka mingi kwenye sekondari moja upande wa Mvumi, mimi Kiswahili, yeye Jiografia. Nyumba zetu za walimu zilichangia ukuta mmoja. Mimi ni mtu wa Kondoa, Mrangi, na nilipofika pale nikiwa mgeni ni yeye aliyenionyesha maji yanapatikana wapi bomba likikauka, na ni mama gani sokoni anauza mlenda usio na mchanga. Aliniita mdogo wangu. Mimi nilimwita Madam, kama watu wote. Habari za utotoni kwake hakuzizungumza, nami sikumuuliza. Nilijua tu kwamba kwao ni Gulwe, kwamba hakuwahi kuolewa, na kwamba kila likizo alikwenda kwao na mabegi yaliyojaa na kurudi na mabegi matupu.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa idadi ya watu. Wakati wengine tunakimbiza mada ili tumalize kabla ya mitihani, yeye alikuwa anawatoa wanafunzi uwanjani kwenye vumbi na kuwapanga, wavulana upande huu, wasichana upande ule, wadogo mbele, wakubwa nyuma. Aliwaambia hiyo ndiyo picha ya watu wa nchi, kwa umri na kwa jinsia, na mtu anayejua kuisoma anaweza kukuambia nchi hiyo inaumwa nini bila kumuuliza daktari. Halafu aliwauliza nani hayupo. Walimtajia aliyekwenda msalani na aliyelala bwenini na homa. Alitikisa kichwa, akangoja, hata kama kengele imelia, mpaka mmoja aseme kwamba hawapo wale ambao hawakuletwa shule kabisa. Hapo aliridhika, akawarudisha darasani.

Alikuwa na maneno yake aliyoyarudia mpaka tukawa tunayasema pamoja naye kwenye ofisi ya walimu. Moja lilikuwa kwamba serikali haimchimbii kisima mtu ambaye haijui kama yupo. Lingine, akimkuta mwanafunzi anakisia jibu, ni kwamba kukisia ni uvivu uliovaa tai. Alikuwa mkali, hakupenda sifa, na zawadi za wazazi alizirudisha. Lakini siku za mpira alikuwa mtu mwingine. Alibandika redio kwenye sikio la kulia, akafumba macho, na timu yake ikifungwa alikula peke yake, hakusema na mtu mpaka kesho yake.

Walimu wengine walisema ana maringo. Ofisini alikaa dirishani daima, peke yake, na kwenye sherehe alikuja amechelewa na kuondoka mapema. Alijipaka manukato mengi kuliko ilivyofaa kwa mtu wa aina yake. Mimi niliyegawana naye ukuta nilijua sababu. Sikio lile lilikuwa na harufu, na wakati wa joto la Oktoba, kabla mvua hazijaanza, harufu ilizidi. Siku moja nilipotoka kwetu likizo nilimletea udi. Aliupokea bila kuniangalia, akasema asante mdogo wangu, akaufungia ndani. Kuanzia siku ile hatukuizungumza harufu, lakini udi ulipomwishia nilimtafutia mwingine, na yeye alijua ninajua.

Kitu ambacho sikuwahi kukielewa kwake ni hiki. Mwanafunzi akikohoa siku mbili alimpeleka hospitali mwenyewe, kwa miguu kama gari la shule halipo. Mama akimletea mtoto amefungwa hirizi alimpa somo refu pale pale getini. Ila sikio lake alilitibu kwa matone ya duka la dawa, chupa ile ile ndogo, mwaka baada ya mwaka. Nilipomshauri aende akaangaliwe alisema halimuumi. Na kweli halikuwa linamuuma. Kwao, aliniambia siku moja bila kuulizwa, walikuwa wakisema uchafu wa sikio uachwe utoke, ukizuiwa unaingia kichwani. Alisema anajua ni upuuzi. Kisha akaenda kubadilisha pamba.

Maumivu yalianza mwaka ambao alikuwa amevuka hamsini juzi juzi. Kwanza alidhani ni jino. Halafu pamba ikawa inatoka na damu. Nilimsikia upande wa pili wa ukuta akitembea chumbani, huku na huko, na asubuhi alikuwa darasani amebeba chaki kama kawaida. Siku moja aliingia ofisini, mwalimu wa zamu akamsalimia, naye alipotaka kutabasamu mdomo ulikwenda upande mmoja tu. Jicho la kushoto halikufumba. Tukasema ni kiharusi. Mpishi wa shule alisema ni upepo mbaya, akataja na mahali alipoupatia. Madam alikwenda kwenye kioo cha chooni, akajitazama, akarudi akaomba ruhusa kwa mkuu wa shule. Nilifuatana naye.

Hospitali ya kwanza hawakumkawiza. Walimwangalia wakampeleka mjini Dodoma, na kule kipande cha nyama kilichukuliwa kikapimwa. Tulipoitwa kupewa majibu tulimkuta daktari kijana, msichana aliyesoma chuo kikuu pale Chimwaga, mpole, ambaye aliinuka kwenye kiti akamwambia Madam shikamoo kabla ya kumwambia lolote. Alikaa upande wa kulia bila kuelekezwa. Alisema ni saratani, imeanzia ndani ya sikio, imekula mfupa na imefika kwenye mshipa unaoendesha uso. Alisema ni ugonjwa wa nadra sana, na kwamba sikio linalotoka usaha kwa miaka mingi ni moja ya vitu vinavyoweza kuufungulia njia.

Nilidhani atalia. Alivuta kiti mbele, akauliza kama anavyouliza kwenye kikao cha walimu.

"Ni ugonjwa wa wanawake?"

"Hapana, Mama. Wanaume na wanawake wanaupata karibu sawa."

"Wa umri gani?"

"Mara nyingi watu wazima. Miaka sitini hivi, na kuendelea. Wengine hamsini, kama wewe. Kwa watoto ni nadra zaidi, na huko huwa ni wa aina nyingine."

"Unatembea kwenye ukoo?"

Daktari alifikiri kidogo. "Huu hatuujui kuwa hivyo. Watoto wa nyumba moja wanaweza wote kuwa na masikio yanayotoka usaha, kwa sababu wanalala pamoja, wanaambukizana mafua, na hakuna anayewatibu. Ukiangalia kwa mbali utaona kama ni ukoo."

"Na hapa Tanzania tuko wangapi?"

Hapo daktari alitazama mikono yake. Alisema hajui. Alisema wengi hawafiki hospitali, na wasiofika hakuna aliyewahesabu.

Tulipotoka nje Madam alisimama kwenye kivuli cha ukuta. Nikamwuliza kama anataka maji. Akasema, "Wanafia nyumbani, mdogo wangu. Wanafia nyumbani, watu wanasema ni sikio." Ndipo akaniambia habari ambayo hakuwahi kunieleza. Bibi yake alikufa hivyo, uso umepinda, nyumba inanuka. Shangazi yake pia. Pale Gulwe watu walikuwa na jina la nyumba yao, nyumba ya masikio, na walisema wanawake wa nyumba ile wamelaaniwa na laana inaingilia sikioni. Ndiyo maana posa aliyowahi kuletewa ilirudi. Ndiyo maana alijipaka manukato. Miaka yote hiyo aliyosimama mbele ya wanafunzi akiwaambia kukisia ni uvivu, moyoni mwake alikuwa na lile neno la watu wa kwao, na hakuwa amepata wa kumwuliza.

Majibu ya daktari yalimpa nguvu za ajabu kwa muda. Siku za kliniki alikuwa hakai kwenye benchi moja. Alizunguka akitafuta wenye bandeji za sikio, wenye ugonjwa kama wake. Alimpata mzee mmoja mfugaji aliyeletwa na wanawe, na mama muuza vitumbua wa mjini. Siku nyingine alimpata mzee wa Kirangi aliyekuwa hasemi Kiswahili vizuri, akaniita niwe mkalimani.

"Muulize ana miaka mingapi."

Nilimwuliza kwa lugha yetu. Mzee alisema hajui, alizaliwa mwaka wa njaa.

"Njaa ipi?"

Mzee akasema njaa ni njaa, binti. Madam akanitazama kwa jicho lake moja linalofumba, akasema nimkadirie sabini. Nikamkumbusha kuhusu kukisia. Alicheka, upande mmoja wa uso, na ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka kumsikia akicheka. Alipokaa alisema, "Unaona? Wanaume wawili. Wanaume, mdogo wangu. Na wote wazee kuliko mimi."

Walimpeleka Dar es Salaam kwa ajili ya mionzi, kwa sababu kwa kisu walikuwa wamechelewa. Alirudi amekonda, ngozi ya shavu imeungua nyeusi, nywele za upande ule hazipo. Maumivu yalipungua, tukaanza kusema maneno ya kutia moyo. Baada ya miezi michache uvimbe ulirudi, chini ya sikio. Daktari yule kijana alimwambia ukweli kwa sababu alidaiwa ukweli. Alimwandikia dawa ya maji ya kutuliza maumivu na kumwonyesha namna ya kuipima.

Akiwa bado na nguvu za kutembea alifanya jambo lililonishangaza. Aliniomba nimpeleke kwa mganga mmoja huko milima ya kwetu, mtu ambaye sifa zake zilikuwa zimefika hadi Mvumi. Tulipanda basi, tukalala kwa mama yangu, asubuhi tukapanda mlima polepole. Mganga alimpokea vizuri. Alimwuliza katika ukoo wao ni mwanamke gani mwingine aliyeumwa sikio, na Madam alipomtaja bibi akasema, ee, ndiye huyo anayekusumbua. Madam alisimama, akashukuru, akatoka nje. Njiani alikuwa na hasira iliyomfanya asahau maumivu. Alisema, "Hakuniuliza hata umri." Kisha, tulipokaribia chini, alisema kwa sauti nyingine kwamba alijua itakuwa hivyo, lakini mtu akikaa peke yake na jambo kama hili hufika mahali akataka kujaribu kila mlango.

Alipoacha kazi kabisa alirudi Gulwe kwa mdogo wake wa kike, na hapo ndipo alipojaribu jambo lake la mwisho. Kulikuwa na wasichana pale nyumbani, watoto wa mdogo wake na wa kaka zake, wakubwa kwa wadogo. Wawili walikuwa na masikio yanayotoka usaha. Alimwomba mdogo wake awapeleke wakatibiwe mapema. Mdogo wake aliitikia. Alikwenda na kwa majirani, amejifunika kanga usoni, akiwaambia akina mama wasingoje. Wengine walimsikiliza kwa heshima na kumkaribisha uji. Wengine walipomwona kwa mbali waliwaingiza watoto ndani. Mama mmoja alimwambia wazi: "Mwalimu, tusamehe, lakini wewe ndiye ulikwenda hospitali, na angalia." Madam alinisimulia haya kwenye simu.

Nilikwenda kumwona shule zilipofungwa Desemba. Mvua zilikuwa hazijaanza, na pale stesheni ya Gulwe watu walikaa kimya kwenye joto wakitazama mawingu yanayopita bila kushuka. Nilimkuta amelala karibu na dirisha. Uso wa kushoto ulikuwa umefunikwa wote. Mdogo wake alikuwa akimpa uji kwa kijiko cha chai, akifuta pembeni mwa mdomo kila mara. Sikio la kulia lilikuwa bado linasikia kidogo, ukiinama karibu kabisa na kusema polepole. Alinitambua kwa mkono. Alinipapasa vidole, akasema, "Mrangi."

Mchana ule alimwita baba yake mdogo, ndugu wa mwisho wa baba yake aliyebaki, mzee wa kanisa na ndiye aliyekuwa akisimamia mambo ya ukoo. Mzee alikuja amevua kofia. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye kigoda mwisho wa kitanda. Nilikuwa nimeambiwa kwamba ndiye aliyemlipia shule alipokuwa mdogo, akiuza ng'ombe wake, wakati watu walipokuwa wakisema msichana wa nyumba ile ni hasara. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekaa hospitalini Dodoma naye majuma mazima.

Madam alisema kwa shida, maneno yakitoka upande mmoja.

"Baba, siku ya kunizika, mchungaji aseme ni saratani ya sikio. Aseme inawapata wanaume na wanawake, wakishakuwa watu wazima. Aseme siyo laana. Aseme sikio la mtoto litibiwe."

Mzee aliigeuza kofia mikononi. Alipojibu alikuwa akitazama mlango, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya kuniambia mimi kuliko yeye.

"Hilo haliwezekani. Kuna wasichana hapa hawajaolewa. Watu wakisikia jina la ugonjwa watalishika hilo jina. Hayo mengine hawatayasikia."

Madam alinigeukia. "Amesema nini?"

Mzee alinitazama. Macho yake yalikuwa mekundu. Nadhani alitaka niseme kitu kingine, na nadhani kama nisingefundisha na yule mwanamke miaka yote ile ningekisema. Niliinama.

"Amekataa."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili ya wasichana."

Alifumba jicho la kulia. Nilidhani amelala. Nje nilisikia watoto wakivuta ndoo. "Hata mimi ni kwa ajili yao," alisema. Kisha akasema, "Muulize tena kesho."

Nilimwuliza tena kesho yake. Nilimfuata zizini asubuhi, akiwa amewatoa ng'ombe, nikasema nikijua kwamba mimi ni mgeni, si wa ukoo, si wa kanisa lao. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwalimu, wewe utarudi Mvumi. Sisi tunabaki." Niliporudi ndani Madam alikuwa amepewa dawa, yuko mbali, na hakuniuliza. Siku iliyofuata pia hakuniuliza. Alifariki Alhamisi, mchana, mdogo wake akiwa amekwenda kisimani.

Tulimzika Jumamosi. Walimu walikuja kutoka Mvumi kwa gari la shule, na wanafunzi wake wa zamani walikuja wengi, baadhi watu wazima wenye watoto. Mimi nilisimama nyuma na wanawake. Mchungaji alisoma historia ya marehemu: alisoma shule fulani, alifundisha miaka fulani, alipenda kazi. Akasoma kwamba aliugua kwa muda mfupi. Watu wakaitikia amina.

Mbele yangu kidogo mwanamke mmoja alimwinamia mwenzake. Hakupunguza sauti sana. "Ni lile sikio," alisema. "Si unawajua wanawake wa nyumba ile."

Binti mkubwa wa mdogo wake Madam alikuwa amesimama karibu nao, na alisikia. Hakugeuka. Alivuta kanga yake juu, ikamfunika masikio yote mawili, akaendelea kumwangalia mchungaji.